Hodi za Bawabu

Jina la Kufuli alipachikwa utotoni, kwa sababu hakuweza kuona mlango wazi akaupita bila kuufunga, hata uwe wa kabati. Ukubwani binti huyo akawa mwandishi wa programu, na kazi ikamfuata jina: aliitunza Bawabu, programu huria ya ulinzi inayokaa kwenye lango la mtandao na kuamua nani aingie, nani arudi alikotoka. Huria maana yake yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuitumia bure. Waliomsaidia walijitolea, na kwa ubishi hawakuwa na mfano.

Asubuhi moja dada yake alimpigia simu. Dada alikuwa mpimaji damu katika hospitali ndogo ya wazazi.

"Hiyo Bawabu yenu imeniaibisha tena. Mashine iko katikati ya kipimo, inabishiwa hodi, inazubaa, kipimo kinaharibika. Leo nimemchoma kichanga kisigino mara ya pili. Mama yake ananitazama tu."

"Nitakiondoa hicho kipande, dada."

"Ulisema hivyo mwezi uliopita."

Kweli alisema. Ndani ya Bawabu mlikuwa na kipande cha msimbo, yaani mistari ya maagizo, kilichopita kila mara kwenye kila chombo cha mtandao, simu, printa, mashine, kikiuliza: upo? Bawabu haikuhitaji jibu hilo ili ilinde lango. Vyombo vipya viliitika bila shida, vikongwe vilipagawa. Angeweza kumtengenezea dada yake nakala ya pembeni, lakini watoto hawazaliwi hospitali moja tu.

Kilichomfunga mikono ni sharti la mjomba wake, aliyeianzisha Bawabu na kumfundisha yeye kazi: hufuti kazi ya mwenzako mpaka umwandikie asante, ukitaja ilifaa nini. Watu walicheka, kisha wakazoea, na ugomvi mwingi ukaishia hapo. Sasa kipande hiki alikiandika mjomba mwenyewe, na hakuna aliyejua kilifaa nini. Walipomwuliza zamani, alijibu "Kiacheni," akahamia habari nyingine. Kufuli aliogopa kumuumiza. Lakini kisigino cha yule mtoto hakikumtoka akilini, akaenda kwa mjomba.

Mjomba hakuwahi kuoa, aliishi peke yake. Alimkuta jikoni anasugua kibodi kwa mswaki uliochakaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Uso huo umekuja kufuta kitu."

Kufuli akamweleza habari ya mtoto. Mjomba akauweka mswaki chini.

"Mara mbili?"

"Mara mbili, mjomba."

Mzee akavuta kiti, akakaa. "Unakumbuka bibi yako alivyokataa kuhamia kwangu?"

Nani angesahau? Bibi alisema hawezi kulala kwenye nyumba inayogongwagongwa kibodi mpaka alfajiri.

"Basi nikamwekea Bawabu kwake," mjomba akasema. "Alikuwa akilala anazima simu, akiamka anaiwasha. Nikaandika kile kipande kiibishie simu yake hodi, kiniletee jibu. Simu ikiitika, najua mama kaamka, nashika kazi zangu. Kwa haraka nikakiacha kikaingia kwa watu wote. Nikasema nitakitoa kesho."

"Bibi alijua?"

"Tena sana! Akininunia, alichelewa kuiwasha makusudi."

Kufuli akacheka. Mjomba naye akacheka, kisha akaacha.

"Asubuhi moja haikuitika. Nikajua kanuna. Nikaenda hivyo hivyo. Nikamkuta sakafuni bafuni, mguu umevunjika, baridi imeshamwingia."

Mguu huo Kufuli aliujua. Alichokuwa hajui ni nani aliyebisha hodi. Baada ya kuanguka, bibi aliishi miaka mingine, akitembelea fimbo. Katika miaka hiyo Kufuli alijifungua, akaogopa kumshika mwanawe asije akamvunja, na bibi ndiye aliyekaa kwenye kigoda akamwogesha mtoto, akimcheka mama mtu. Kufuli alijikuta analia, na hayakuwa machozi ya huzuni.

"Alipofariki sikuweza kukitoa," mjomba akasema. "Simu yake iko kabatini, imezimwa, najua. Nikajiambia, acha kibishe. Sikujua kwamba kinawachomesha watoto. Leta kompyuta."

Kufuli akaifungua pale mezani, akaifuta mistari yote ya kile kipande. Ikabaki nafasi ya shukrani. Akaandika: "Asante kwa hodi hizi. Zilimwahi bibi yetu akiwa hai, na mwanangu akapata mikono ya kumwogesha."

Mjomba akasoma. Akafuta miwani kwa ncha ya shati, akasoma tena.

"Asante, mwanangu. Nilikuwa nimechoka kubisha."

"Bonyeza wewe, mjomba."

Akabonyeza.

Marekebisho yalipofika hospitalini, dada alipiga simu kabla hajavua glavu. "Kipimo kimetoka mara ya kwanza! Mtoto kalia kidogo, kalala. Mwambie mjomba Mungu amzidishie."

Asubuhi iliyofuata Kufuli aliamka akampigia mjomba. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tu. Alikuwa ameshashika funguo, kiatu kimoja mguuni, ilipopokelewa.

"Hodi, mjomba! Mbona hupokei?"

"Nilikuwa nimenuna kidogo," mzee akasema, na sauti yake ilijaa kicheko. "Karibu, mwanangu. Nimeamka."