Vidole Visivyoshika Alama

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kidogo tu. Mwenzake alipogusa ubavu wa boti uliokwisha kufutwa, alama tano za mafuta zilibaki pale kama madoa ya supu. Yeye alipougusa, hapakubaki kitu. Alidhani mikono yake ni mikavu, akaendelea na kazi.

Fundi mkuu aliliona hilo pia. Karakana nzima ilimwita Kioo, kwa sababu alitaka kila boti imwonyeshe uso wake. "Mkono wa huyu binti hauna mafuta," alisema mbele ya wote. "Nyie wengine huwa mnakula kuku kazini?" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo, kusafisha boti kabla ya nta kukawa kazi yake peke yake.

Leo ilikuwa boti nyeupe ya faiba, mita tisa, iliyokaa majini mwaka mzima. Aliikuta juu ya magogo saa moja asubuhi. Pale maji yalipokuwa yakifika, ubavu ulikuwa wa kahawia kama meno ya mvuta tumbaku. Alichovya sifongo kwenye asidi, akapaka kutoka chini kwenda juu, maana ukianzia juu asidi hutiririka na kuacha michirizi isiyotoka. Glavu zilikuwepo: jozi sita, stoo, bado ndani ya nailoni zake. Hizo zilikuwa za siku ya wakaguzi.

Alisuuza. Kisha akashika msasa wa maji kwa mikono miwili, duara juu ya duara, kwenye sehemu ambazo faiba ilikuwa imegeuka chokaa. Alipitisha kitambaa cheusi kikatoka cheupe kama kimeangukia unga. Akarudia. Mara ya tatu kikatoka cheusi, naye akanyoosha mgongo.

"Samahani, Fundi," alisema saa sita, macho yakiwa kwenye ndala zake. "Leo ndiyo mwisho wa kuandikisha kadi ya matibabu. Ya mama."

"Si uliniambia juzi?"

"Juzi ulisema leo."

Kioo akacheka. "Haya, nenda. Lakini malizia kufuta mafuta kwa asetoni upande huu. Na saa tisa uwe hapa. Mwenye boti anakuja kesho asubuhi, na nta haijipaki yenyewe."

Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi alimimina chai kwa kusikiliza, akiacha kumimina mlio wa kikombe ulipobadilika. Mara nyingine alichelewa, na chai ikamuunguza mapaja. Miezi kumi na minne walingoja upasuaji, na sasa alikuwa amepangiwa Alhamisi. Hospitali ilitaka kadi. Kadi hupatikana kupitia mtoto mwenye ajira. Na mtoto huyo lazima aweke kidole.

Kwenye ofisi ya kadi alisimama foleni zaidi ya saa moja. Karani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsukumia kimashine bila kumtazama.

"Gumba."

Taa nyekundu.

"Futa, weka tena. Weka kingine. Hicho hapo. Hicho. Dada, hivi vidole umeazima?"

Nyuma yake mzee mmoja akadakia, "Labda ni jini, mwacheni apite na sisi tupite." Foleni ikaangua kicheko.

Aliweka vyote kumi. Hapo ndipo karani alipomshika mkono, akaugeuza na kuutazama. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, nyekundu kama kovu la moto.

"Unafanya kazi gani?"

"Nasafisha boti."

Karani akashusha sauti. "Mdogo wangu, mashine haikuoni. Niletee barua ya mwajiri, iseme kazi ndiyo iliyokula vidole. Ukifika kabla ya saa kumi nitakuingiza mwenyewe. Baada ya hapo mfumo unafungwa, na nafasi ya mama anapewa mwingine."

Alirudi nusu anatembea, nusu anakimbia. Kioo alikuwa kivulini mwa boti na soda mkononi, kopo la nta limekwisha funguliwa.

"Samahani, Fundi. Wanataka barua." Akamweleza.

Kioo akaiweka soda chini taratibu. "Mimi niandike, nipige na mhuri, kwamba kazi yangu inakula watu vidole? Wakija kufunga hapa, wenzako kumi na mmoja watakula wapi?"

"Ni barua tu."

"Hakuna barua tu." Akamnyooshea viganja vyake. "Tazama. Alama zangu ziliondoka nikiwa mfutaji kama wewe. Nilitoa kitu kidogo, nikapita. Wewe kapumzike wiki tatu, ngozi itarudi. Ila nafasi yako nitakuwa nimempa mtu, usinilaumu. Haya, shika nta."

Alivitazama vile viganja. Vilikuwa laini kama vijiko. Kumbe siku ile anamsifu mbele za watu, alikuwa anajua asidi imeshakula alama zake.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Kwenda ofisini kwa mguu ni nusu saa. Misasa ya wenzake ilikuwa imenyamaza. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumwambia mtu huyu neno lisiloanza na samahani. Hata shuleni, kabla ya kuachia darasa la tano, alikuwa hivyo hivyo, hata kwa majibu aliyokuwa anayajua.

"Andika," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Andika kwamba ni asidi yako. Boti hii ikikosa nta leo, itapakwa kesho. Mama yangu akikosa Alhamisi, ndiyo basi, haoni tena. Mimi siishiki hiyo nta. Andika."