Pembe ya Mtungi

...na kwa nini anauliza sasa, si angeendelea tu, tangu asubuhi hakuuliza kitu, alianzia mlangoni akachimba kurudi nyuma, akatoa udongo karai baada ya karai, akaimba nyimbo zake za Kigiriama, akasimulia habari za ng'ombe wa shemeji yake walioingia shambani kwa watu, na sasa amefika pembeni amesimama, sururu mkono huu, mkono wa pili juu ya shingo ya mtungi kama mtu aliyemkamata mwizi, "Mama Dhahabu, na huu mtungi je, niuondoe?" na Barke, aliyeshuka kumletea fundi chai, amesimama kwenye kidato cha mwisho na kikombe mkononi, jibu lenyewe ni jepesi, ndiyo, uondoe, utachimbaje mtungi upo, ni neno moja, mtu mzima mwenye watoto watatu na nguo zimeloweka huko juu hawezi kushindwa na neno moja, Tsuma ni fundi, anataka njia, amebakiza kipande hicho tu, si kikubwa, jamvi la kuswalia mtu mmoja lingekifunika, chumba kingine chote amekwisha kukichimba shubiri mbili na hakukuta kitu, Barke anajua hakukuta kitu kwa sababu ameshuka hapa mara ngapi leo, ameleta maji, ameleta mhogo, amekuja kuuliza kama karai la pili liko, amekuja kutafuta kinu ambacho anajua kiko jikoni, na kila mara jicho lake halikuwa kwa Tsuma, lilikuwa kwenye ule udongo uliopinduliwa, ukatoka mkaa, ukatoka kigae cha sahani, ukatoka ufunguo wa kutu ambao Tsuma aliuinua akacheka, "Mama, leo tutafungua benki," naye akacheka pia, akapanda juu akaendelea kukuna nazi.

Laiti ingekuwa shauri lake tangu mwanzo asingechimba mtu, angemwaga simiti juu kwa juu yakaisha, alisema hivyo na akatoa sababu, vumbi litamuua mama mkwe kwa kifua chake, kazi itachukua siku nyingi, watoto watavunjika miguu mashimoni, sababu nzuri kabisa, mtu yeyote angezikubali, lakini Stambuli mumewe ni mtu wa karakana ya reli, akirudi kutoka Changamwe hutaka nyumba nayo iwe kama mashine, kila kitu mahali pake, akamwita Tsuma, wakachuchumaa hapa wawili, Tsuma akafinya udongo kwenye kiganja ukatoa maji, akasema ukimwaga simiti juu ya hii, masika yakija itapasuka kama mkate wa juzi, tuchimbe, tutie kifusi, tushindilie, kisha ndio uniambie unataka sakafu gani, simiti ni ya Mzungu, chokaa ni ya Mwarabu, udongo ni wetu sisi wa Kaloleni, mimi mkono wangu haubagui, na Stambuli akacheka sana, akasema simiti, tena nyekundu, ya kupigwa rangi ing'are kama ofisi ya stesheni, mwaka huu wa Uhuru hatulali juu ya udongo tena, na Barke akasema chokaa basi, chokaa inavumilia unyevu, wakabishana hapo juu ya simiti na chokaa mpaka maghribi kana kwamba hilo ndilo shauri, naye ndani ya moyo wake alikuwa akisema simiti, chokaa, tieni hata vioo, lakini msichimbe... "Chimba," Stambuli alisema, akapanda baiskeli yake.

Chumba chenyewe nani angekiita chumba, ni shimo, baba yake Stambuli alipojenga nyumba hii hapa Mishomoroni alichimba mawe ya kuta papo hapo, jiwe likitoka linapanda ukutani, na kuta zilipokwisha akatazama miguuni akaona ameachiwa shimo la kumeza gari, hakutaka hasara, akalijaza mchanga na udongo kiasi, akachonga ngazi, akajenga juu yake, na mpaka leo watu wakielekeza mgeni husema ile nyumba yenye nyumba chini yake, watoto wakicheza huko mchana wa jua kali, mbuzi wakifungwa humo siku za Idi, panapoa, hapakosi unyevu, hapafai kulaza binadamu, na ndipo mama mkwe, Bi Johari, aliposema mwaka huu nataka kuhamia chini... mwenye miguu iliyovimba kama magogo, asiyeweza kupanda kidato bila kushika ukuta na kutaja masheikh wote wa mji, anataka kwenda kukaa chini ya ngazi, Stambuli akamwambia mama, ukishuka hutapanda, naye akasema nikishuka n'meshuka, huko juu n'na nini, yakwisha, na hakuna aliyemuuliza zaidi kwa sababu Bi Johari akikata neno hushika ukili wake akaendelea kusuka, ukajiona wewe ndiye uliyekuja kumsumbua.

"Barke we!" huyo, anaita tena huko juu, "Barke! Amefika wapi huyo?" na Barke anaitika "Abee, mama, nakuja," asende, tangu asubuhi ni swali hilo hilo, amefika wapi, amefika wapi, ungedhani ni bwana harusi anayengojewa, naye alijibu ovyo kila mara, amefika katikati, mama, yuko karibu na ukuta, mama, na mama akajibu haya, kwa sauti ndogo... na Tsuma ameweka sururu chini sasa, anatazama kikombe, chai inapoa, ni haki yake, mpe mtu chai yake, lakini akinyoosha mkono kumpa chai atakuwa amemaliza kilichomleta na itabidi ajibu, basi ameshika kikombe, sauti ya sururu imekoma na masikioni mwake haikukoma, du, du, du, hivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile, ila siku ile ilikuwa polepole zaidi, mkono wa mwanamke, jembe lililokatika mpini, na yeye juu kitandani, mito miwili chini ya miguu, mvua ikipiga bati, Stambuli yuko Malindi kwenye matanga ya ami yake, na Bi Johari aliingia hakusema pole, hakulia, alikata kanga mpya kipande, ile ya mikorosho myekundu ambayo Barke hakuwahi kuivaa, akafunga alichokuwa akikifunga huku amempa mgongo asione, akasema mwanangu, haya hawaambiwi wanaume, akatoka, na baadaye ndiyo ile du, du, kutoka chini ya kitanda, chini ya nyumba, Barke amelala akihesabu mapigo mpaka yakanyamaza, kisha mama mkwe akaja na uji wa pilipili manga, akasema kunywa, naye akanywa, na hawakulisema tena neno hilo mpaka leo, wala Barke hakuuliza ni wapi, angeuliza ili iweje, ilikuwa mimba ya miezi mitatu na kitu, haina jina, haina sala, wanawake wangapi wa mtaa huu yamewapata, Jumwa wa nyumba ya tatu yamempata mara mbili akaenda kuuza maandazi kesho yake, na Barke naye aliinuka siku ya nne akafua, Stambuli akarudi akasema umekonda, akamwambia ni homa, ikaisha, akaja kumzaa kitindamimba na ikaisha zaidi, hakuwa mtu wa kukaa na mambo, hata sasa anajua vizuri hakuna kitu humo, udongo wa pwani na mvua za miaka yote hii, kitambaa cha pamba hakikai, na hicho kilichofungwa ndani yake ndio kabisa, kimekwisha, kimekuwa udongo, labda kimekwishatolewa asubuhi hii hii kimo kwenye karai, kimemwagwa kule nyuma ya choo pamoja na mkaa na ule ufunguo, naye alisimama akakitazama hakukijua... na wazo hilo ndilo lililomshusha ngazi kila mara, si hofu kwamba Tsuma atakiona akamwambia Stambuli, ingawa hiyo nayo ipo, ni kwamba kitapita mbele ya macho yake asikijue mara ya pili.

"Mama Dhahabu, u mzima?" Mzima, anasema, nawaza tu, na Tsuma anasema mtungi huu mzito, mama, una maji, nani bado ananywa maji ya mtungi na mfereji umefika pale dukani, na Barke karibu aseme hayo hayo, kwa sababu ndiyo maneno ya Stambuli, mama na mtungi wake kama wake wenza, kila siku watoto washuke ngazi kwenda kuchota kata moja ya maji, mfereji uko hapo, na Bi Johari hujibu maji ya mfereji yanuka chuma, haya yapoa, chini ndiko kupoa, huu mtungi usitolewe, na watoto wakinung'unika Barke huwagombeza, shukeni, mnywee huko huko, bibi yenu ndiye anayetaka, wakati yeye mwenyewe alinung'unika kuliko wao, hasa mwanzo, mwanzo mtungi ulikuwa juu, ulikuwa barazani, kwenye upepo, ndipo mahali pa mtungi, ukakaa hapo tangu alipoolewa, na ulishushwa lini... ulishushwa masika, njia ya ngazi inateleza, mwanawe Dhahabu akaanguka na kata akapasua kidevu, analo kovu, alikuwa mdogo, alikuwa ndio kwanza ameanza chuo cha Kurani, mwaka gani huo, na Barke alikasirika, akasema ni nani amepeleka mtungi chini wakati wa mvua, akili gani hii, alisema hivyo akiwa kitandani, ameegemea ukuta, na kanga... alikuwa kitandani kwa nini mchana.

Tsuma amekuna kichwa. Mahali fulani kuku anataga kwa makelele. Alikuwa kitandani kwa sababu ilikuwa siku ya pili, au ya tatu, alikuwa hajainuka, na mwanamke mzee aliyechimba kwa jembe lililokatika mpini alirudi akaubeba mtungi mzima, peke yake, kwenye ngazi za mvua, akauweka pale pembeni ambapo hakuna mtoto atakayepakanyaga, hakuna mbuzi atakayefungwa, hakuna mtu atakayetandika jamvi, kwani nani anakanyaga chini ya mtungi, na miaka yote hii wameshuka na kuchota na kunung'unika, na yeye Barke amekunywa, ameinama pale na kata akanywa na akarudi kwenye kazi zake, na kila Alhamisi jioni Bi Johari anashuka na chetezo kuufukiza mtungi ubani, maji yapate harufu, ndivyo wanavyofanya wazee, Barke amemwona mara mia kwa mlango ulio wazi, mtungi umefunikwa kifuu chake moshi umekwishaingia, na chetezo bado kiko chini, juu ya udongo, na bibi bado amechutama midomo ikimcheza, na Barke akawaza huyu naye kwa ubani, ubani wote unaishia kwenye maji... na mwaka huu miguu imekataa, Alhamisi tatu hakushuka, alikaa juu na chetezo hakukiwasha, akasema nataka kuhamia chini, akasema kitanda changu kiegemee mtungi, nisipate taabu ya kuamka nikitaka maji, na wao wakabishana simiti au chokaa.

Ni hapo, basi. Ndiyo hapo, chini ya mkono wa Tsuma, kipande cha jamvi la mtu mmoja, hakikutoka kwenye karai, hakiko nyuma ya choo, kipo, au udongo wake upo, na mtu mwingine amekuwa akikihesabu wakati yeye alikuwa akifua. Hapana, kulia si sasa, nguo zimeloweka, na fundi anangoja, na kichwa chake kimeanza kufanya kazi kama kinavyofanya siku ya kugawa kitoweo kidogo kwa watu wengi, atasema mtungi ukae, mtungi hudondosha maji, ukiuweka juu ya simiti ya kung'aa patateleza na mama mkwe ataanguka avunjike nyonga, mtungi hukaa juu ya mchanga, kila mtu anajua, basi hapo pasichimbwe, pazungushiwe mawe kidogo pembeni, udongo ubaki udongo, na kwingine kote mwaga simiti nyekundu, paka rangi, ing'are kama stesheni ya Nairobi, Stambuli afurahi, na Tsuma atasema hapo patapanda unyevu, mama, naye atasema na upande... ni sababu nzuri, hakuna mtu atakayeikataa, ni nzuri kuliko zote alizotoa, kwa sababu hii ni ya kweli pia, na kitanda kitaegemea pale, na Alhamisi chetezo atakishusha yeye, atakishika mwenyewe, na kama mama atamtazama na amtazame, labda watasema neno, labda hawatasema, kuna wakati wa kuuliza alikuwa wa kike au wa kiume, na kuna wakati jibu lenyewe hulitaki ila unataka kuketi na anayelijua.

"Mama Dhahabu, niuondoe au nisiuondoe?" na mkono bado uko kwenye shingo ya mtungi, na kikombe bado kiko mkononi mwake, chai imeshika utando, na huko juu sauti inakuja tena, inashuka ngazi ambazo mwenyewe hawezi kuzishuka, "Barke! Barke mwanangu! Amefika wapi?" na Barke anageuza uso juu kuelekea kwenye mwanga wa mlango, mkono wa kikombe ukimnyooshea Tsuma.

"Abee, mama..."