Mkono Uliokatwa Kichwa Chini

Kaka yangu alinipachika ugonjwa. Alisikia redioni habari za watu wanaojipenda kupita kiasi, wanaotaka kusifiwa kutwa kucha, akasema huyo ndiye mimi, kwa sababu kila nikimaliza kushona nauliza kama nguo imekaa sawa. Aliwatangazia mpaka wateja wa duka letu la ushonaji. Nami, mjinga wa kutupwa, nikaanza kujichunguza kama mtu anayetafuta upele.

Kisha likaja gauni la mahameli. Fundi yeyote anaijua mahameli: manyoya yake yamelala upande mmoja, ukikata kipande kichwa chini nguo inaonekana ya rangi mbili. Kaka alikata, maana kukata ni kazi yake na hakaguliwi na mtu. Mimi nikashona. Mwenye gauni, mwalimu mmoja mstaafu, alipolijaribu, mkono wa kushoto ulikuwa umekoza kuliko wa kulia. Na harusi ya mwanawe ilikuwa keshokutwa.

Kaka hakupepesa jicho. Akamwambia mwalimu ni mimi niliyekata, huku akili yangu ikiwa kwenye kioo.

Nikamgeukia mteja. "Mwalimu, nilishona bila kupapasa kitambaa. Hilo kosa langu, naomba radhi. Lakini aliyekata ni kaka."

Nikamweleza kwamba kitambaa kimebaki cha kutosha, mkono mpya utakuwa tayari kesho mchana. Akakubali, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nauliza kwa sababu naogopa kuharibu nguo ya mtu. Kaka haulizi kwa sababu kosa lake halimfikii, lina mtu wa kulibeba. Miaka yote mtu huyo nimekuwa mimi, na nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Kaka akafunga mlango. Akasema nimemdhalilisha mbele ya mteja.

"Asubuhi umfuate kwake, umwambie ulisema uongo. La sivyo, hapa dukani usikanyage."

Nikamjibu, "Kesho nakuja, kaka. Duka hili mama alituachia sote wawili. Heshima yako kama kaka utaipata, lakini kosa lako silibebi tena. Ukichoka kuniona, hama wewe."

Alisimama akisubiri niombe msamaha, kama alivyonizoea. Nikatandaza mahameli mezani, nikapapasa manyoya yanakolalia, nikachukua mkasi wake, nikakata.