Sifa za Laurence

Mukamugema hakuwahi kumsifu binti yake mbele ya watu, na jambo hilo alilihesabu kuwa werevu. Ukimkuta pale kwake Murara, mtaa wa Goma, anachambua maharage, ukamuuliza Laurence hajambo, angekujibu bila kuinua kichwa, "Anahema tu." Laurence alipopata diploma: anahema tu. Alipoanza kufundisha hesabu sekondari, akazaa mtoto wa kike, akajenga nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano: anahema tu, tunashukuru Mungu. Majirani walikwisha kuzoea. Mgeni ndiye aliyeshtuka, akadhani huko ndani kuna mtu wa kukata roho.

Sababu ilikuwapo. Laurence alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao Goma wanauita SS. Alipokuwa na miezi tisa mikono yake ilivimba, na daktari akasema huyu hafiki miaka mitano. Bibi yake, mtu wa milima ya Masisi, akamwonya Mukamugema: mtoto wa namna hii hasifiwi, maana kifo nacho kina masikio. Tangu hapo Mukamugema akafunga mdomo. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alificha afya, akaificha miaka thelathini na minane, na mtoto akaishi. Nani angethubutu kumwambia kwamba amekosea?

Sasa Laurence alitaka bima ya maisha. Baba wa binti yake Bénita alikuwa ameondoka zamani kwenda Kisangani, akaoa huko, akasahau njia ya kurudi. Laurence akianguka kesho, Bénita angebaki na bibi mzee, na shule ingeishia hapo. Kampuni mbili zilimkataa mara tu ziliposoma hilo neno SS. Ya tatu, yenye ofisi yake mtaa wa Himbi, haikuwa na haraka ya kukataa. Ilimpima damu, ikasoma ripoti zote za hospitali, kisha daktari wao akasema anataka kuzungumza na mtu anayeishi naye nyumba moja. Mtu huyo alikuwa Mukamugema.

Alivaa kitenge chake cha kanisani. Waliwakuta ofisini Docteur Clarisse, mwanamke mpole mwenye miwani, na Léopold, wakala aliyelisukuma faili la Laurence tangu mwanzo.

"Mama, unaishi na Laurence tangu wakati gani?" aliuliza daktari.

"Tangu nilimuzala."

"Na afya yake, mwaka huu, unaionaje?"

Laurence alijua jibu kabla halijatoka. Akamkazia mama yake macho, akatikisa kichwa kidogo. Wapi.

"Eh, Docteur. Iko anahema tu."

"Anaweza kufanya kazi za nyumba?"

"Anajikokota."

"Anaugua mara nyingi?"

"Ule mutoto haina nguvu. Tunangojea Mungu tu."

Léopold akafumba macho. Daktari akaweka kalamu chini, akavua miwani. Alieleza taratibu, kwa heshima, kwamba vipimo vya Laurence ni vizuri kuliko alivyotarajia, lakini vipimo huchukuliwa mchana. "Mwenye kulala naye nyumba moja njo anajua ya usiku," alisema. "Kama mama muzazi anasema hivi, mimi siwezi kusaini."

Laurence alisimama. Akashukuru, akachukua mkoba wake, akatoka nje.

Mukamugema alibaki kwenye kiti. Moyoni alijua amefanya kazi yake kama siku zote, amemfunika mtoto wake vizuri. Lakini dirisha lilikuwa wazi, akamwona. Laurence alikuwa amesimama karibu na ua wa ofisi, amewapa mgongo, mabega yanatikisika. Huyu aliyekuwa akiuma kanga usiku mifupa ikimchoma, asipige kelele ili mama yake alale, leo analia mchana mbele ya askari wa getini. Na aliyemliza si SS.

Mukamugema aliogopa. Tuseme kweli, aliogopa kuliko siku ile volkano ya Nyiragongo ilipofungua moto. Akisema, huenda kifo kikasikia. Akinyamaza, mtoto wake atarudi nyumbani amekataliwa kwa mdomo wa mama yake mwenyewe. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Docteur, kamata tena kalamu."

Daktari akaichukua.

"Ule mutoto ni muzima kupita mimi. Volkano ilipotoka, batu bote tulikimbia njia ya Sake. Magoti yangu ilikataa. Yeye alibeba Bénita ku mugongo, akaweka sanduku yangu ku kichwa, akanishika mukono mpaka Lac Vert, na hakulala lopitali hata siku moja. Dawa zake hasahau. Maji anakunywa hata kama hana kiu. Kukiwa baridi anavaa soksi mbili mbili, banafunzi banacheka, yeye anaendelea kufundisha. Iko na batoto makumi sita mu classe moja, na sauti yake inafika ku barabara. Banganga ba lopitali balisema hatamaliza miaka tano. Njo uyu. Mimi mwenyewe sijaona mutu anajichunga vile, na mimi ni muzee."

Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua. Wafanyakazi wa chumba cha pili walikuwa wameinua vichwa. Mukamugema akaketi, akatazama juu, akingojea dari limwangukie. Dari likakaa mahali pake.

Mlangoni alikuwa amesimama Laurence. Alikuwa amesikia yote. Umri wote ule alikuwa hajui kama mama yake aliziona zile soksi. Furaha ilimjaa hata akasahau kampuni, akasahau na kilichomleta Himbi.

"Mama, mbona hukusema hivyo mwanzo?" aliuliza daktari.

"Kwetu mutoto wa namna ile hatumusifu. Tunaogopa atasikilikana."

Docteur Clarisse, ambaye ukoo wake ni wa Rutshuru, ambako desturi ni hiyo hiyo, akacheka chini kwa chini. "Nyanya yangu aliniita mubaya mpaka siku niliolewa," alisema, akavaa miwani yake na kuandika.

Léopold alikuja mwenyewe Murara na jibu, hakutaka kulisema kwenye simu. Laurence amekubaliwa. Atalipa zaidi ya wenye damu nzuri kwa sababu ya SS, lakini amekubaliwa, kwa miaka ishirini. Laurence akasema waongeze tu, yeye ni mwalimu wa hesabu na anajua maana ya kuongeza. Alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa pamoja.

Wakala alipoondoka, Mukamugema akamvuta binti yake kando.

"Bale batu banafikiri utakufa?"

"Hapana, mama. Bangefikiri vile, bangekataa. Banategemea nitalipa miaka yote makumi mbili."

"Makumi mbili." Mukamugema akapiga hesabu yake polepole. Yeye mwenyewe alikuwa anakaribia sabini. "Mimi sitakuwako."

"Mama, usiseme vile."

"Acha niseme."

Tangu Laurence ana miezi tisa, Mukamugema alikuwa ameishi kama mzazi atakayemzika mtoto wake. Kila Pasaka aliiona kuwa ya mwisho, kila nguo mpya aliinunua akijiuliza itavaliwa mara ngapi. Hakuwahi kumwambia mtu. Sasa aliinua kichwa, akasema kwa sauti kubwa iliyovuka ua hadi kwa jirani:

"Basi ni wewe utanizika."

"Ni mimi, mama."

"Utanivalisha kitenge ya bleu, hapana ile ya njano. Na kwaya isiimbe polepole, mimi sipendi. Na maharage iive muzuri, batu basiende kunisema."

"Nimesikia, mama," alisema Laurence, akaketi karibu naye, akamwacha aendelee kuagiza.