Kitenge cha Kibogoyo

Mlezi hakuwa mtu wa wivu. Hata wanawake kumi wangempangia mumewe foleni mlangoni, yeye angewakodishia viti. Lakini Bi Mkubwa alimrusha roho, na Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa sokwe.

Majangili walipomuua mama yake Kibogoyo, sokwe mchanga, msituni, Mlezi ndiye aliyemlea kwenye kituo cha sokwe yatima, kwa chupa na kwa mgongo, kamfunga ndani ya kitenge cha manjano. Sasa mtoto kaota meno, kahamishiwa kwa Bi Mkubwa, jike aliyefiwa na mwanawe. Wakipatana, watarudishwa msituni wote wawili. Wasipopatana, Kibogoyo atazeekea nyuma ya waya. Ndiyo maana walezi wote walivaa ovaroli za aina moja, na ilikuwa mwiko kuleta harufu ya nyumbani, mtoto asije akamng'ang'ania mtu.

"Hajambo mke mwenzio?" mumewe humtania kila jioni.

"Mwone! Mikono mirefu kama ya mla rushwa. Leo kutwa anamtoa mwanangu chawa, na mwanangu hana chawa!"

"Mwanao?"

Akanuna.

Kesho yake akakificha kitenge ndani ya ovaroli. Nimwone tu, alijidanganya. Alipokikunjua karibu na waya, Kibogoyo aliruka kutoka mgongoni mwa Bi Mkubwa, akaja mbio analia, akang'ang'ania pindo. Moyo wa Mlezi ukapiga vigelegele. Umeona, bibi wee? Bi Mkubwa akawapa mgongo, akaenda kuketi pembeni.

"Dada," daktari wa wanyama alisema nyuma yake, taratibu, "ukimwambia achague, atakuchagua wewe. Halafu utampandisha mti gani?"

Mlezi alitafuta tusi, yakatangulia machozi. Akakipenyeza kitenge kwenye tundu la waya.

"Njoo basi, mwizi wewe!"

Bi Mkubwa akasogea, akanusa, akavuta. Mlezi naye akashikilia ncha. Wakavutana kama wateja wawili kwenye rundo la mitumba. Kisha Mlezi akaachia.

Bi Mkubwa akajitupia kitenge begani. Kibogoyo akakinusa, akakwea, akajilaza mgongoni pale. Hata hakugeuka kumtazama Mlezi.

Jioni mumewe akauliza, "Kile kitenge cha manjano nilichokununulia kiko wapi?"

"Kakichukua mke mwenzangu," Mlezi alisema, akibamiza sufuria. "Na kimempendeza kuliko mimi, hayawani yule."