Masale Yalivyoshuka Mjini

Hivi wewe umewahi kufua nguo yenye doa la utomvu wa mgomba? Kama umewahi, unajua kwamba hutoi kitu. Utaweka limau, utaweka majivu, utaanika juani na kurudia wiki ijayo, na doa litabaki pale pale, la kahawia, likikutazama. Magreth wa Machame alipata doa lake la kwanza akiwa darasa la pili, alipotumwa kubeba mkungu wa ndizi akiwa na gauni la kanisani. Mama yake alisugua mpaka akachoka, akasema, "Basi, utavaa hivyo hivyo." Doa lilikuwa na umbo la ng'ombe aliyelala. Magreth akarudi mgombani, akakata kikonyo cha jani, akamwongezea pembe.

Tangu hapo hakuacha. Ukubwani alichora kwa utomvu mtupu kwenye vitambaa vya marekani, kwa kijiti alichokitafuna ncha. Utomvu ukitoka ni kama maji, huoni ulichochora. Unalala, unaamka, ndipo picha inajitokeza. Na kwenye kila kitambaa alichora mahali pale pale: kona ya kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, pale mfereji unapopinda, penye mashina ya ndizi za mchare na jiwe la kunolea panga.

Baba yao alipofariki, matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa sebuleni. Magreth alikuwa jikoni akiwamenyea ndizi, na mlango ulikuwa wazi. Aliwasikia wakisema kihamba ni cha Hosea, mdogo wake, kitinda mimba, kama ilivyo desturi. Yeye alipewa sufuria kubwa na baraka. Alishukuru kwa vyote viwili, akaenda kupanga chumba mjini, Shirimatunda. Kila Jumamosi Hosea alimshushia maziwa na vikonyo vibichi vya kuchorea, maana ni kijana mwema na hawajawahi kugombana.

Mwaka jana yakaja maonyesho ya wasanii chipukizi wa kanda ya kaskazini. Yalifanyika mjini Moshi, kwenye ghala la zamani la babu yake Riya, karibu na reli. Riya ndiye aliyeandaa. Yeye hucheza ngoma za Kihindi, na njuga za miguuni mwake unazisikia kabla hujamwona. Jovin wa Holili alileta ndege aliowaunda kwa vyuma vya malori yaliyokufa mpakani. Magreth akatundika vitambaa vyake ukuta wa mashariki.

Asubuhi ya kufungua, masale yote ya kihamba cha Hosea yaling'oka na kushuka mjini. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mpakani na makaburini, na hakuna mtu wa kwetu anayethubutu kuung'oa. Yalishika barabara ya lami, upande wa kushoto, marefu mbele, machanga nyuma. Dereva wa gari la maziwa aliyapisha, akapiga honi moja ya salamu. Kwenye njia panda yalisubiri mabasi ya Arusha yapite.

Riya alipofungua ghala aliyakuta yamesimama mbele ya vitambaa, mizizi imezama kwenye saruji bila kuipasua. Yalikuwa yamezunguka eneo la ukubwa wa chumba kimoja, na yameacha nafasi ya mlango.

"Magreth," alisema, "ungesema unakuja na uzio ningekupa kona."

"Sikuyaleta. Yamekuja."

"Haya. Ila usimwagilie sana, hapa maji hayana pa kwenda."

Watu walikuja wengi. Kila aliyefika pale penye nafasi alipiga hodi kwanza, hata wageni waliotoka kupanda mlima na magoti yao mabovu. Magreth akawa anaitikia, "Karibu, karibuni ndani." Hajawahi kusema karibu mara nyingi vile, na jioni sauti ilikuwa imemkauka, lakini alikuwa anatabasamu.

Maonyesho yalipokwisha, masale yalimfuata Shirimatunda, yakajipanga uani mbele ya chumba chake. Mama mwenye nyumba alifurahi, kwa sababu mbuzi wa jirani waliacha kula mchicha wake.

Huko juu Machame, baba mkubwa wa kina Magreth hakufurahi. Walipanda masale mengine, nayo baada ya siku chache yakashuka. Akaamua kwamba Hosea apeleke jani la sale kwa dada yake na kumwomba radhi, maana kwetu mtu akiletewa sale hakatai. Taabu ni kwamba huko juu halikubaki hata moja. Ikabidi wateremke mikono mitupu, yeye, Hosea na mama.

"Shikamoo dada," alisema Hosea.

"Marahaba. Mmekuja na gari la maziwa?"

"Ndiyo. Dada, naomba jani moja."

"La nini?"

"La kukuombea radhi."

Magreth akayatazama masale. "Kata lile la nyuma. Haya ya mbele bado yanakua."

Hosea alikata, akalipiga fundo, akampa kwa mikono miwili. Magreth akapokea. "Nimesamehe," alisema, na alikuwa amesamehe kweli. Baba mkubwa aliyakazia macho masale, akangoja. Hayakutikisika.

"Sasa haya yanataka nini tena?"

"Yaache yapumzike, shemeji," alisema mama. "Yametembea mbali."

Wakanywa chai na maandazi. Kihamba ni cha Hosea mpaka leo, na wazee hawajakaa tena kulizungumza jambo hilo. Masale nayo yapo Shirimatunda. Ukipita utayaona, moja limetoa maua. Magreth anachora katikati yake, na Jumamosi Hosea anakuja na maziwa, anapiga hodi.

Ila siku ile, baba mkubwa alipokuwa ameshatoka getini akipungia gari, mama alibaki nyuma akisuuza vikombe. Hosea alikuwa ameshika taulo.

"Magreth," mama aliuliza bila kugeuka, "siku ile ulipokuwa jikoni unamenya ndizi, wangekuita sebuleni ungesema nini?"

Nje gari lilipiga honi. Magreth alichukua kikombe mkononi mwa mama na taulo mkononi mwa Hosea, akakifuta taratibu mpaka ndani, akakiweka mezani.

"Ningesema naitaka ile kona ya mferejini, mama. Iwe yangu."