Maji ya Kumwogesha Shanga

1.
Mimi ni Mghoi. Naogopa nyoka. Kaka yangu Mwandawiro anafuga chatu, kibali anacho, na leo yuko hospitalini Mombasa akisubiri kupasuliwa uti wa mgongo. Chatu kaachiwa mimi, hapa Voi.

2.
TANGAZO
(mlangoni, mwandiko wa mama)
WAGENI WOTE MNAARIFIWA KUWA NDANI KUNA NYOKA. JINA LAKE SHANGA. HANA SUMU. MWENYE NYUMBA HATAWAJIBIKA KWA ATAKAYEZIRAI.

3.
Ujumbe wa Mwandawiro:
"Gamba la zamani analojivua limemkwama machoni? Mwogeshe. Maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 30. Yasimfunike kichwa. Usimwache peke yake."

4.
Mama: "Nimeogesha watoto sita. Maji nayapima kwa kiwiko."
Akachovya kiwiko.
"Sawasawa. Mtie."

5.
Nikamtia.

Akaruka.

Beseni likapinduka, mama akapanda juu ya kochi, nami nikapiga ukelele ambao—

6.
Majirani, dirishani:
"Wanachinja?"
"Wanaogesha."

7.
Wewe unayesoma, kama unafuga nyoka: maji yanayomfurahisha mtoto mchanga ni moto mno kwa chatu. Yeye hana joto lake mwenyewe. Huchukua la maji, lolote lile.

8.
Shanga alikimbilia nyuma ya friji. Ningeweza kufunga mlango wa jikoni nikaenda zangu. Nikanyoosha mkono. Alikuwa mzito na laini.

Nikamtoa.

9.
Mama alileta kipimajoto cha homa, akakichovya kwenye maji mapya.
"Hakitoi namba. Kimeandika Lo."
"Maana yake yako chini ya nyuzi thelathini na mbili. Mkono unasikia baridi?"
"Hapana."
"Polepole, mama. Mshike hapo katikati."
Akamshika. Mama yangu.

10.
Tulimtoa, tukamfunga taulo bichi. Gamba likavuka pua, likavuka jicho la kulia. La kushoto likagoma. Hatukulibandua kwa kucha.

11.
Simu.
"Anaona?"
"Jicho moja. Lingine tutamwogesha tena kesho."
"Nani kamshika?"
"Mimi. Yuko mkononi."
Nyuma yake sauti ya nesi: "Kaka, tunakusubiri wewe."
"Mghoi, nisipoweza kutembea tena, huyo nyoka—"
"Nenda, Mwandawiro."
"Utamweka?"
"Nenda. Nimemshika."

12.
Simu iko mezani, haijalia. Shanga kajizungusha kwenye mkono wangu, katulia. Mkono umekufa ganzi.

Sijausogeza.